Bili ya maji imepanda, mfereji mkavu: naomba ushauri

Salaam jamani. Niko Kisauni, Mombasa. Mfereji wetu hutoa maji mara moja kwa wiki, tena usiku wa manane, na bili ya mwezi huu imekuja shilingi 4,300. Uliopita ilikuwa 1,150. Maji ya kupikia twanunua kwa mkokoteni, mitungi ya lita 20. Juzi nilikesha na tochi: kabla hata tone halijatoka, bomba lilipuliza upepo tu na mita ikazunguka mbio! Nimeirekodi. Ofisini naambiwa nilipe kwanza. Kulipia upepo si haki kabisa. Sheria ya Maji ya 2016 imeweka mdhibiti wa kampuni za maji, WASREB. Aliyewahi kulalamika huko alianzia wapi? Na nikilipa nusu, watanikatia? Nina mama mgonjwa ndani.