Naomba ushauri: Ricoh GR III au GR IIIx kwa vumbi la Dodoma?

Wakuu, habari zenu. Napiga picha za harusi hapa Dodoma kwa kamera kubwa yenye lenzi ya kuvuta. Juzi rafiki kaniazima Ricoh GR III, kamera ndogo ya mfukoni, nikaenda nayo mnada wa Msalato. Haivuti; lenzi ni moja tu, sawa na milimita 28, yaani inaona eneo pana. Ukitaka uso wa muuza mbuzi lazima usogee, umsalimie, usubiri. Nimeanza kuona mikono, vivuli, nafasi kati ya mtu na mtu, vitu ambavyo kwenye harusi navipita kabisa.

Sasa natafuta yangu. Nichukue hiyo, au GR IIIx ya milimita 40, inayoona eneo dogo zaidi? Kinachonitisha ni vumbi, maana haijazibwa, na kiangazi cha huku mnakijua. Mliowahi kuitumia mnailindaje? Fundi wa kusafisha sensa (kile kipande cha ndani kinachonasa picha) Dodoma yupo, au mpaka Dar?