Mjadala: Meli za kupima gesi zisimame msimu wa nyangumi, au kazi iendelee?

Mwana wa Mikindani: Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Swali ni moja na naomba lisigeuzwe la vyama. Meli za utafiti wa mitetemo huburuta mizinga ya hewa inayolipuka kila baada ya sekunde kumi na kitu, usiku na mchana, ili mwangwi uonyeshe miamba ilivyolala chini ya bahari. Zikirudi huku kwetu Mtwara na Lindi, zizuiwe kufanya kazi kuanzia Julai hadi Oktoba, nyangumi wa nundu wanapopanda kutoka maji ya barafu kuja kuzaa?

Mimi nasema zizuiwe, na hoja yangu ni sikio. Babu wa kale wa nyangumi aliyechimbuliwa Pakistan, wa miaka kama milioni 50 iliyopita, alikuwa na miguu minne na umbo la mbwa mkubwa. Kwa sura huwezi kumdhania nyangumi hata kidogo. Kilichomtambulisha ni mfupa wa sikio, ulionenepa upande mmoja kama wa nyangumi wa leo. Sikio lilishaanza safari wakati miguu bado inatembea nchi kavu! Nenda Bonde la Nyangumi, jangwani Misri: wale wa miaka milioni 40 hivi walishakuwa wa baharini kabisa, vimiguu vya nyuma vidogo visivyoweza kubeba chochote.

Majini macho hayafiki mbali, ila sauti hukimbia zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Dume huimba kwa masaa, na sauti zake nzito zina uzito ule ule wa mngurumo wa mizinga. Mama na ndama wao huitana kwa sauti ndogo sana. Sasa wewe piga mzinga hapo mwezi mzima.

Kijana wa Shangani: Kaka, tumesubiri gesi tangu ilipogunduliwa Mnazi Bay 1982. Bomba likaenda Dar, sisi tukabaki na hadithi. Leo unataka miezi minne ya mwaka ifungwe kwa ajili ya sikio? Aliyewamaliza nyangumi ni mwenye chusa. Wa nundu walipigwa marufuku kuwindwa 1966, na magharibi ya Australia, kwenye gesi tele baharini, wameongezeka vizuri tu.

Binti Kilwa: Ya mbwa kuwa nyangumi siyaafiki, mtanisamehe. Lakini mnyama anayebeba mimba karibu mwaka mzima, akazaa mmoja, akanyonyesha huku mwenyewe hali kitu, asisumbuliwe. Hilo halihitaji Pakistan.

Mwalimu, Lindi Mjini: Dada, imani yako naiheshimu. Ila tazama mkia tu: samaki hupiga kushoto na kulia, nyangumi na pomboo hupiga juu na chini, kama mgongo wa mnyama anayekimbia. Na ndugu yao wa karibu kuliko wote walio hai ni kiboko, huyo huyo wa Ruvuma anayekula mpunga wa watu.

Kijana, vuka mlango wa bahari hapo. Mwaka 2008, kaskazini-magharibi mwa Madagaska, wanyama kama 100 wa jamii ya pomboo walijikuta wamenasa kwenye lagunu ya mikoko, mahali ambapo si pao, wengi wakafa. Jopo huru la wanasayansi lilisema 2013 kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni kifaa cha sauti cha meli iliyokuwa kwenye kazi ya mafuta.

Kijana wa Shangani: Malizia basi, mwalimu. Kifaa kile kilikuwa cha kupimia sakafu ya bahari, chenye sauti kali nyembamba. Si mzinga wa hewa.

Mwalimu, Lindi Mjini: Kweli, hapo umenishika. Lakini ina maana hata kusimamisha mizinga peke yake hakutoshi.

Mzee wa Jarife, Msimbati: Wanangu, nimewasoma wote. Baruti ya kuvulia samaki tulipiga wenyewe hapa miaka na miaka, hakuna aliyeuliza sikio la nani. Na jarife, huu wavu wetu mkubwa wa kutega, je? Pomboo akinasa usiku anakufa kwa kukosa pumzi, maana anavuta hewa kama wewe na mimi. Nimewatoa wangapi, Mungu ndiye ajuaye. Msiniambie adui ni meli peke yake.

Lakini hiyo miezi mnayogombania ni ya kusi, upepo mkali. Mwezi wa saba hata mashua yenye injini inafikiria mara mbili kutoka, sembuse meli inayoburuta nyaya za kilomita kadhaa. Wanaotaka kupima vizuri watataka kaskazi, bahari ikilala. Kijana, hasara unayoililia iko wapi?

Mwana wa Mikindani: Mzee, asante, hilo sikuliwaza. Basi nabadili ombi: mizinga isimame Agosti hadi Oktoba, wanapokuwa wengi, na miezi mingine awepo mwangalizi melini wa kuamuru kazi isimame nyangumi akionekana.

Kijana wa Shangani: Hiyo ya mwangalizi naweza kuikubali. Hiyo ya miezi, bado.

Mzee wa Jarife, Msimbati: Na huyo mwangalizi mshahara anapewa na nani? Kama ni mwenye meli, basi na mimi nipeni kazi ya kulinda jarife langu.