Zawadi yupo Istanbul

Zawadi: [picha 4] Shikamooni wote. Nipo Eminönü, ndani ya Mısır Çarşısı, lile soko la viungo. Hizo zinazoning'inia juu ni bilinganya na pilipili hoho, zimetolewa nyama ya ndani, zikakaushwa na kutungwa kwenye uzi kama shanga. Wakitaka kupika wanaziloweka, wanazijaza wali.

Shangazi Rehema: Marahaba mama. Pazuri mashallah. Zafarani yangu usiisahau.

Zawadi: Ndiyo nimesimama mbele yake shangazi. [picha] Rundo zima! Kibao kinasema zafarani ya Kituruki, na bei yake wala haiumi.

Hamisi: Zawadi, rudisha pochi kwenye mkoba.

Zawadi: Kwani vipi kaka?

Hamisi: Hiyo ni petali za ua jingine, Waturuki wanaliita aspir. Chakula kitapata rangi, ila ile harufu hupati. Nilipokuwa nasoma huko niliona wageni wakiibeba kila siku, wanatoka wanachekelea.

Mjomba Athumani: Lakini muuzaji si kaandika zafarani?

Hamisi: Kaandika "ya Kituruki" mjomba. Hapo ndipo anapojikinga. Ya kweli Uturuki ipo, inalimwa Safranbolu, ila kidogo mno. Sehemu kubwa ya zafarani ya dunia inatoka Iran. Ua moja linatoa nyuzi 3 tu, na zinachumwa kwa mkono. Sasa kitu cha tabu hivyo nani atakimwaga wazi akichote kwa koleo? Kinakaa kwenye kichupa, kinapimwa kwa gramu.

Shangazi Rehema: Mimi nataka hiyo yenyewe. Ataijuaje?

Hamisi: Auangalie uzi, ncha moja inakuwa imepanuka. Kisha atie nyuzi mbili tatu kwenye maji ya uvuguvugu. Ya kweli inatoa umanjano taratibu na uzi unabaki mwekundu. Rangi ikimwagika papo hapo na uzi ukapauka, aage aondoke.

Zawadi: Nimemwomba maji. Kacheka, kaniletea chai kwanza 😂 halafu kainama chini ya meza katoa kichupa.

Mjomba Athumani: Ahaa! Kumbe anayo!

Zawadi: Anasema wateja hawaulizi.

Mama Mdogo: Nyie na zafarani yenu. Hilo dari limenivutia mimi. Jengo la lini hilo?

Zawadi: Lilikamilika miaka ya 1660 mama mdogo. Kodi za maduka ndizo zilikuwa zinautunza msikiti mkubwa wa hapo jirani, Yeni Cami.

Mama Mdogo: Waliona mbali hao.

Hamisi: Jengo litazame mpaka uchoke, ila manunuzi fanya nje. Vichochoro vya ubavuni ndiko wenyeji wanakonunua zeituni na jibini, na wanakuonjesha bila kukukazia macho. Pale kwenye foleni ndefu ni Kurukahveci Mehmet Efendi, wauza kahawa tangu 1871. Wala huhitaji kuelekezwa, pua itakupeleka.

Zawadi: Nimeshaipata hiyo harufu! Sasa nataka soko la watu wa kawaida, siyo hili la kuitwa kwa lugha 5 kila hatua.

Hamisi: Basi subiri Jumatano uende wilaya ya Fatih. Mitaa inayouzunguka msikiti wa huko inageuka soko lote, matunda, mboga, mpaka sufuria na mapazia. Nenda asubuhi ukitaka kuchagua. Ukitaka bei nenda jioni, wanaanza kufungasha na wanashusha kwa sauti kubwa. Leo panda kivuko uende Kadıköy, ng'ambo ya pili ya jiji, ni kama dakika 20. Kadi ile ile ya tramu inakubali.

Mjomba Athumani: Samaki je?

Hamisi: Kadıköy hiyo hiyo mjomba. Wanapanga samaki na matamvua wameyageuzia nje ili uone wekundu wake. Na kwa kuwa ni Oktoba amewahi msimu. Meli za nyavu kubwa zinazuiwa kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Agosti, samaki wazaliane. Aulizie samaki anaitwa lüfer. Wale wadogo kama dagaa, wanaoitwa hamsi, wanapendeza zaidi baridi ikishakolea.

Shangazi Rehema: Huyo mtoto anakaa hotelini, samaki hao atawapikia wapi?

Hamisi: Kuna vibanda vinakaanga hapo hapo shangazi.

Mjomba Athumani: Zawadi, niliona kwenye televisheni jibini lao linawekwa ndani ya ngozi ya mbuzi. Niletee.

Zawadi: Tulum hilo mjomba, nimelionja sasa hivi, kali! Linashika ulimi.

Hamisi: Mjomba, nchi nyingi zinazuia abiria kuingiza nyama na vitu vya maziwa. Asije akaliacha kwa watu wa forodha wakalila wao. Aulize kwanza masharti ya anakoingia. Viungo vikavu vilivyofungwa vizuri mara nyingi havina shida.

Mjomba Athumani: Kwa hiyo mimi nimekosa, Rehema kapata.

Mama Mdogo: Kahawa je? Haina maziwa hiyo.

Mjomba Athumani: Haya, kahawa. Iliyosagwa.

Zawadi: Sawa mjomba, napanga foleni sasa hivi kisha naenda kwenye kivuko. Shangazi, maji yamekuwa manjano taratibu na uzi bado mwekundu. Nichukue kiasi gani?

Shangazi Rehema: Gramu 2 tu. Na apime unaona.