Naomba ushauri: nawakaribisha wakwe kwenye mkahawa wa Kiitaliano Malindi

MgeniWaPwani: Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi wa nane natarajia kuwakaribisha wazazi wa mchumba wangu chakula cha jioni kwenye mkahawa mmoja wa Kiitaliano hapa Malindi, ule wa ufuoni ambao watu huweka nafasi mapema. Meza nimekwisha kuitangulizia malipo, lakini kila nikiitazama orodha ya vyakula jasho linanitoka. Nitaagizaje bila kuaibika?

BintiShela: Antipasto ni vya kufungua kinywa, primo, mlo wa kwanza, ni tambi au risoto, yaani wali wa kupikwa kwa supu, secondo, mlo wa pili, ni samaki au nyama, na mboga huagizwa na kulipiwa peke yake. Si lazima upite kote. Chunga samaki mzima: bei iliyoandikwa mara nyingi ni ya gramu 100, kwa hiyo apimwe mbele yako kabla hajaingia jikoni.

MzeeWaNgomeni: Waitaliano nawajua tangu enzi za San Marco, kituo chao cha kurushia roketi, setilaiti ya Uhuru iliporushwa kutoka baharini hapa Ngomeni, Desemba 1970. Wakati huo tambi kwetu zilikuwa za sukari na nazi. Hizi za nyanya tulizionea kwao. Usiogope uma, mwanangu.

Kungwi: Wakwe wenyewe ni watu wa namna gani? Wanakula kila kitu?

MgeniWaPwani: Baba mkwe ni mwalimu wa madrasa. Sikuona haja ya kulitaja kwa kuwa tutaagiza samaki, na mzee nimekwisha kumhakikishia kwamba nimeulizia na hakuna tatizo.

BintiShela: Umemuuliza nani? Risoto huanza kwa mvinyo mweupe kumiminwa juu ya mchele uliokaangwa, na kome na kamba wengi hupitia mvinyo huohuo. Tambi za carbonara zina shavu la nguruwe, na kwa vitamutamu, panna cotta ya malai hugandishwa kwa jelatini ambayo aghalabu ni ya nguruwe, na tiramisu ya kahawa mara nyingi hutiwa mvinyo wa Marsala. Zungumza na mpishi mwenyewe.

MgeniWaPwani: Nikiuliza nitaonekana mshamba, na malipo hayarudishwi. Mzee nitamkalisha akielekea bahari, asizione chupa za meza ya jirani.

Mkaanga_Sumu: Na harufu yake utaikalisha wapi?

Kadhi_Mstaafu: Mimi kisa hiki sikiamini. Mwalimu wa madrasa wa Malindi amesomesha watoto wa wapishi wa mikahawa hiyohiyo, na kilichomo sufuriani anakijua kutushinda sisi sote. Isitoshe, huu ni mwezi wa tano, masika yamekolea, na mikahawa mingi ya Waitaliano imefungwa. Malipo yako kayapokea nani?

MgeniWaPwani: Sijatunga chochote. Nilimtumia kwa simu kijana wa mapokezi, ndiye aliyeniletea hata hiyo orodha.

Kadhi_Mstaafu: Namba ni ya mkahawa au ya kwake?

MgeniWaPwani: Ni ya kwake, lakini anazungumza kwa adabu sana.

BintiShela: Kesho asubuhi nenda ukabishe hodi langoni. Hata wakifunga, mlinzi hakosekani.