Tupeane uzoefu: waandishi wanaowabana watu kuhusu bei za nyumba Mombasa

Mkaazi wa Tudor: Kipindi cha redio asubuhi kimembana dalali kuhusu bei za Nyali. Kelele tupu, jibu hakuna. Wajuzi, mtu wa nyumba hubanwa vipi hata bei ya kweli itoke?

Daftari: Makaratasi kwanza, maikrofoni baadaye. Chukua nambari ya kiwanja ufanye sachi kwenye rejista ya ardhi: mwenye hati ni nani, miliki ni ya kudumu au ya kukodi, imebaki miaka mingapi, kuna rehani au zuio? Halafu uliza swali moja, fupi, unyamaze. Wengi huharibu hapa. Huuliza matatu kwa pumzi moja, na mjibuji huokota lililo jepesi. Akikwepa, rudia lilelile. Na bei ya tangazo ni ombi la muuzaji tu. Uliza iliyoandikwa kwenye mkataba na ushuru wa stempu uliolipwa: asilimia 4 mjini, 2 mashambani. Mkataba nao waweza kushushwa bei ili kukwepa ushuru, kwa hiyo ulinganishe na tathmini ya serikali.

Bahari: Naam. Hapo pa kunyamaza ndipo penye kazi.

Bi Likoni: Nyie mwazungumza Nyali. Majengo na Likoni kuna nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zako, kiwanja ni cha mtu mwingine, kila mwezi walipa kodi ya ardhi. Kiwanja kikiuzwa, mwenye nyumba habari huipata kwa mnunuzi. Tingatinga lishafika, kamera nayo ndipo yafika, mama yuwalia, aulizwa, "Wajisikiaje?" Huo ni ukatili! Muulizeni risiti za kodi: nani alikuwa akitia sahihi, na nani apokea sasa? Kisha mgeukieni mnunuzi: notisi ilitolewa lini? Kifungu cha 152E cha Sheria ya Ardhi chataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3 kwa anayedaiwa kukalia ardhi ya mtu bila ruhusa.

Mkaazi wa Tudor: Bi Likoni, shikamoo. Hili la risiti sijalisikia redioni hata mara moja.

Kizingo: Daftari, huo ni upole. Wakubwa hawajibu barua, wavamieni ofisini.

Daftari: Si upole, kaka. Kwa ofisi ya umma, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yatoa siku 21. Peleka barua, nakala yako igongwe muhuri. Siku ya 22 ingia na kamera uulize kwa nini haikujibiwa. Hapo hana pa kukimbilia.

Kizingo: Siku 21, nyumba ishakuwa kifusi.

Bi Likoni: Maisha ya mtu yakiwa hatarini ni saa 48, mwanangu. Andikeni hivyo kwenye mstari wa kwanza wa barua.

Bahari: Madalali waachieni mbali, mfuateni wakili aliyeandika mkataba.

Kizingo: Wakili atakataa, aseme hiyo ni siri ya mteja. Anzeni na dalali, mumuulize kamisheni yake ni asilimia ngapi na ya bei ipi.