Mjadala: Ukichangia gemu la RPG la kizamani, unadai nini hasa?

Wakuu habari za jioni. Naleta hii mada kwa sababu kila nikikutana na watu wa magemu ya RPG ya kompyuta (yale ambayo unaongoza mhusika ndani ya hadithi ndefu na kumfanyia maamuzi) tunaishia kubishana palepale, kwamba wale waliotoa hela zao mfukoni kuchangia magemu ya mtindo wa zamani walikuwa wanataka nini, na je walikipata. Naomba tubishane kwa hoja.

Kwa ambao hawakufuatilia kipindi kile. 2012 watengenezaji kadhaa waliochoka kukataliwa na kampuni zinazotoa hela za magemu waliamua kwenda moja kwa moja kwa wachezaji kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha hela za miradi. Februari Double Fine waliomba dola 400,000 wakapata zaidi ya milioni 3.3, na hapo milango ikafunguka. Mwezi uliofuata tu inXile ya Brian Fargo wakaomba dola 900,000 za Wasteland 2, mwendelezo wa gemu la 1988, wakapata karibu milioni 3. Septemba Obsidian wakaleta Pillars of Eternity, wameomba milioni 1.1 wakafunga na karibu milioni 4 kutoka kwa watu zaidi ya 70,000. Mwaka 2013 inXile wakarudi na Torment: Tides of Numenera, ikapita milioni 4.1. Larian wa Ubelgiji nao mwaka huohuo walileta Divinity: Original Sin, hawa hata milioni moja hawakufika kule Kickstarter, kumbukeni hilo maana nitalirudia.

Msimamo wangu ni huu. Wachangiaji hatukuwa na njaa ya gemu kubwa. Tulijidanganya kwamba tunataka ukubwa, tukashangilia kila ukubwa ulipoongezwa, ila tulichokuwa tumekikosa miaka yote ile ni gemu linalokumbuka ulichofanya na likakudai.

Nitoe mfano. Mwanzoni mwa Wasteland 2 uko jangwani Arizona na kikosi chako cha Rangers, redio inaita. Sehemu mbili zinaomba msaada kwa wakati mmoja, Ag Center kunakolimwa chakula na Highpool kunakotoka maji. Huwezi kuwahi kote. Mimi nilikwenda Ag Center, nikaanza kupambana na mimea iliyogeuka majitu, na redio haikunyamaza, watu wa Highpool waliendelea kuita huku mimi nahesabu risasi, sauti inazidi kukata tamaa kila baada ya muda, mpaka ikafika mahali haiiti tena. Niliacha mausi nikakaa tu. Ni saa nane usiku, feni inazunguka, na mimi najiuliza ningefanyaje.

Sasa angalieni kile kitu kimegharimu nini. Picha zake za kawaida kabisa, hata kwa 2014 zilikuwa za kawaida. Gharama yake ni kwamba wametengeneza sehemu mbili nzima, na maadui wake na maandishi yake, halafu kila mchezaji anaipoteza moja. Hakuna mwenye mtaji mkubwa anayekubali kirahisi kulipia kitu ambacho nusu ya wateja hawatakiona kikiwa hai, kwake ni hasara ya wazi. Ndiyo maana mimi naamini hela ya mchango kazi yake ni hiyo, kulipia vitu ambavyo mwenye hesabu za biashara angevikata siku ya kwanza.

Tatizo ni namna kampeni zinavyoendeshwa. Kampeni inachukua kama mwezi, siku za mwanzo hela inamiminika, katikati inapoa, kwa hiyo wenye mradi lazima watoe ahadi za nyongeza ili watu waamke tena: tukifika hapa tunaongeza mji, tukifika pale tunaongeza ngome. Pillars handaki la Od Nua lilikuwa linaongezwa ghorofa kadiri wachangiaji wanavyoongezeka mpaka likafika ghorofa 15, ikaja ngome ya mchezaji, ukaja mji mkubwa wa pili. Mimi Pillars naipenda na nimeimaliza mara mbili, lakini ule mji wa pili, Twin Elms, unaufikia ukiwa tayari moyoni umeshamaliza hadithi, unakimbia tu ufike mwisho. Ngome nayo kwa muda mrefu ni ya kulipia ukarabati tu. Na kuna wale watu wenye majina ya rangi ya dhahabu waliojaa kila kona, waliowekwa kwa sababu mchangiaji alilipia kiwango fulani, unamgusa unasoma kumbukumbu ndefu ya roho yake ambayo haihusiani na chochote unachokifanya, wachezaji wapya walikuwa wanasoma zote wakidhani ni sehemu ya hadithi mpaka wanachoka njiani. Hicho kitu sisi wachangiaji ndio tulikinunua, tusimlaumu mtu mwingine.

Torment ndiyo iliyouma zaidi. Iliahidiwa mengi kwa zile milioni 4, na ilipofika Januari 2017, mwezi mmoja hivi kabla ya kutoka, wachangiaji walikuwa wanabaini wenyewe kwamba baadhi ya wenza wa safari walioahidiwa hawamo, mji wa Oasis umepunguzwa sana, na tafsiri ya Kiitaliano imeondolewa. Kampuni ikakiri kwamba vimekatwa na kwamba ilitakiwa iseme mapema. Hebu jiwekeni kwenye nafasi ya Muitaliano yule, gemu lina maneno mengi kuliko riwaya kadhaa zikiunganishwa, ametoa hela akijua atalisoma kwa lugha yake, halafu anaambiwa dakika za mwisho. Sisi tunaosoma magemu haya yote kwa lugha ya watu, kamusi pembeni, tunaelewa uzito wa jambo hilo.

Na bado nasema kukata siyo kosa, gemu zuri lolote limekatwakatwa. Kosa ni kukaa kimya.

Nyongeza baada ya kusoma majibu yenu:

Mkuu mmoja kasema aliyetoa hela ndiye bosi, kwa hiyo kila kilichoahidiwa kidaiwe kama kilivyo bila kupunguza. Nakataa. Chukua harusi zetu, unatoa mchango, unapata kadi, lakini huendi kwa bwana harusi kumchagulia suti wala humpangii kamati nyama ipikwe vipi. Ila ukifika ukumbini ukakuta chakula kimefutwa wiki mbili zilizopita na kamati nzima inajua ila wewe hukuambiwa, unakasirika, na una haki kabisa. Haki ya mchangiaji ninaiona hapo, kwenye kuambiwa, siyo kwenye kupika.

Halafu kuna ndugu kaandika kwa hasira kwamba mapigano ya zamu, yaani kila mmoja anasubiri zamu yake ndipo apige, ni usaliti, kwamba "zamani" ni Baldur's Gate, mapigano yanakwenda yenyewe na wewe unasimamisha kutoa amri. Kaka, heshima yako, lakini zamani ipi? Baldur's Gate ni 1998, Fallout ya 1997 ilikuwa ya zamu, na Ultima Underworld ya 1992 ulikuwa unaona kwa macho ya mhusika na kupiga upanga palepale. Torment walipiga kura wachangiaji wenyewe waamue, zamu ikashinda kwa tofauti ndogo sana. Yaani watu wale wale, waliotoa hela kwa sababu ileile, walipoulizwa swali moja wakagawanyika karibu nusu kwa nusu. Kwa hiyo msiseme "wachezaji wanataka" kana kwamba tumekaa kikao tukakubaliana. Obsidian wenyewe walitoa Pillars ya pili, Deadfire, Mei 2018 kwa mtindo wa kusimamisha, na Januari 2019 wakaongeza na mtindo wa zamu juu yake, nami niliurudia mchezo wote kwa zamu na nikaona uchawi ambao mara ya kwanza ulinipita bila kuuelewa kwa sababu kila kitu kilikuwa kinalipuka kwa pamoja.

Na dada aliyeuliza mbona Larian walipata kidogo wakafika mbali. Naona ni kwa sababu walikuja na gemu ambalo tayari lilikuwa linatengenezwa kwa hela yao, mchango ulikuwa wa kulimalizia vizuri. Na walichomalizia ni kina. Kule mjini Cyseal kuna meli inaungua bandarini, watu wamesimama wanahangaika na moto, na kama una uchawi wa mvua unaweza kuinyeshea ukazima moto mbele ya kila mtu. Uchawi uleule wa mvua ndio unaotumia vitani kulowesha adui kabla hujampiga na umeme, na ukilowana mwenyewe umeme unakurudia. Sheria ni moja kote, mjini na vitani, na ukishaijua unaanza kujaribu vitu ambavyo hakuna aliyekuandikia. Haikuhitaji ghorofa 15.

Mwisho nijibu aliyeuliza kama mimi binafsi bado natoa hela. Natoa, ila kidogo na kwa kuchagua. Niliwahi kuchangia mradi mmoja mdogo, sitautaja, taarifa ya mwisho waliyotutumia ilikuwa na picha ya daraja la mawe, nzuri sana, na maneno kwamba ramani iko karibu kukamilika. Baada ya hapo hakuna tena neno. Kilichoniumiza hata siyo ile hela, niliingoja kila mwezi ile taarifa kama mtu anayengoja barua. Tangu siku hiyo nikiona mradi mpya naenda kwanza kusoma taarifa za gemu la nyuma la watu haohao, hasa miezi sita ya mwisho kabla halijatoka, natafuta sehemu waliyoandika waziwazi kwamba kitu fulani tumekitoa na sababu ni hii. Nikiipata nachangia hata kama hadithi yenyewe haijanivutia sana.

Nyie mnaangalia nini kabla hamjatoa hela? Na aliyesema kuna mradi anaufikiria mwezi huu, weka hapa ahadi zao za nyongeza tuzisome pamoja.