Je, mtu anaweza kulaumiwa kwa jambo aliloliamini kwa moyo safi?

Mkazi wa Njoro

Ndugu na dada zangu, hamjambo. Naomba mnisaidie kulipima jambo ambalo nimelibeba moyoni kwa wiki tatu sasa, na ambalo binamu yangu amelifanya gumu zaidi kwa hoja ambayo sijaweza kuijibu.

Mwezi uliopita tulisafiri kutoka Nakuru kwenda Siaya kumzika shangazi. Baba mdogo ana matatu ya viti 14, naye alijitolea kutubeba sote kwa gharama ya mafuta tu. Jioni ya kuamkia safari niliandamana naye kwa fundi kurekebisha taa ya nyuma. Fundi alipolisogeza gari uani, alisema kwamba kanyagio la breki lilikuwa linazama kuliko inavyofaa, akaomba aachiwe gari hadi saa nne asubuhi ili afungue magurudumu na kuangalia. Baba mdogo alikataa. Alisema kwamba gari hilo limemhudumia miaka sita bila kumwaibisha njiani, kwamba maziko hayangojei, kwamba ajali haina kinga, na kwamba Mungu aliyetulinda jana atatulinda na kesho. Hakuwa akijifanya. Asubuhi alimketisha mkewe na kitinda mimba wao katika kiti cha mbele, ubavuni pake. Tulipita Salgaa, Mau Summit, Londiani na Kericho, tukashuka hadi Ahero, tukafika Siaya kabla ya saa tisa. Tulizika, tukalala, tukarudi salama.

Binamu yangu anasema hakuna kosa lililotendeka. Baba mdogo aliamini kwa dhati. Alichoamini kilikuwa kweli, kwa maana breki zilishika. Na hakuna aliyeumia. Anaongeza kwamba imani haiamrishwi: huwezi kuniamuru niamini kwamba leo ni Jumapili ilhali najua ni Jumanne, na jambo ambalo mtu hawezi kuamriwa hawezi pia kulaumiwa kwalo. Nikimwambia kwamba baba mdogo alikosea, ananiuliza: alimkosea nani? Mimi nahisi kosa lipo, lakini nikilitafuta silioni lilipokaa.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Mwanangu, tuanze na maneno yenyewe, kwa sababu Kiswahili kimetupa maneno mawili mahali ambapo wengi wetu hutumia moja. Kuamini ni jamaa moja na amana na uaminifu: ukimwamini mtu, humkubalii maneno tu, bali kuna kitu unachomwachia mikononi. Kusadiki kunatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya ukweli: ukilisadiki neno, unalikubali kuwa ndivyo lilivyo. Sasa itazame safari yenu kwa maneno hayo mawili. Baba yako mdogo alisadiki kwamba breki ni nzima. Walioamini ni ninyi abiria, kwa sababu ninyi ndio mliomwachia amana, nayo ilikuwa uhai wenu. Binamu yako ameuliza alimkosea nani. Mwenye kushika amana ya watu ana wajibu wa kuiangalia hata kama haitapotea, na akiacha kuiangalia amewakosea wenye amana saa ile ile anapoacha, kabla hatujajua kitakachotokea.

Jambo hili lilijadiliwa na William Clifford, mwanahisabati Mwingereza, mwaka 1877. Alisimulia habari za mwenye meli aliyejua kwamba chombo chake kimechakaa, akaingiwa na shaka, kisha akaifukuza shaka hiyo kwa kujikumbusha kwamba meli imevuka dhoruba nyingi na kwamba Mungu hangeziacha familia zilizomo ndani yake. Aliisindikiza ikiondoka, akiwa na moyo mweupe kabisa. Katika simulizi ya kwanza meli inazama. Kisha Clifford anatuomba tubadilishe mwisho wake, meli ifike salama, na anasema kwamba hatia ya mwenye meli haipungui hata kidogo, kwa sababu suala halikuwa kama imani yake ni ya kweli au ya uongo, bali ni kama alikuwa na haki ya kuwa nayo kwa ushahidi uliokuwa mbele yake. Nilipoisoma hadithi yako nilidhani unaisimulia ile kwa makusudi.

Ama kuhusu hoja kwamba imani haiamrishwi, binamu yako amesema kweli, lakini amekomea nusu ya njia. Siwezi kukuamuru usadiki kwamba kuna mvua nje. Naweza kukuamuru ufungue dirisha uangalie, na ukikataa kulifungua, naweza kukulaumu kwa kukataa huko. Baba yako mdogo hakuombwa asadiki kwamba breki ni mbovu. Aliombwa asubiri hadi saa nne.

Mama wa Dunga, Kisumu

Mwalimu, nakuheshimu, lakini nahofia kipimo chako kitawahukumu watu wengi wasiostahili. Ngoja nikueleze yangu.

Mwanangu wa pili aliponea chupuchupu katika ulevi. Katika miaka ile mibaya aliniibia fedha za samaki si mara moja wala mbili. Aliporudi nyumbani akaniambia kwamba ameacha, ushahidi wote niliokuwa nao ulisema asiaminiwe, na dada zangu walinikumbusha ushahidi huo kila siku. Mimi nilimkabidhi ufunguo wa sanduku la fedha. Sikuwa na sababu ambayo ningeweza kuitetea mbele ya hakimu. Mwaka wa nne huu, na hesabu haijapungua shilingi. Nina hakika kwamba kama ningengoja athibitishe kwanza, asingekuwa na namna ya kuthibitisha, kwa sababu mtu huonyesha uaminifu kwa kitu alichoachiwa, na asiyeachiwa kitu hana cha kuonyesha.

Mwanafalsafa Mmarekani William James alimjibu huyo Clifford mwaka 1896. Alisema kwamba yapo mambo mazito ambayo huwezi kuyakwepa, ambayo ushahidi hauwezi kuyaamua, na kwamba wakati mwingine imani yenyewe husaidia kulileta lile linaloaminiwa. Nami nimeliona hilo kwa macho yangu. Tukisema kwamba kila anayeamini pasipo ushahidi wa kutosha ametenda kosa, basi hakuna ndoa, hakuna kukopeshana, wala hakuna mzazi atakayempokea mtoto aliyepotea.

Fundi, Nakuru

Mama, nimesoma maneno yako mara mbili na ninayakubali, lakini breki si mtoto. Mwanao alijua kwamba umemwamini, na kujua huko kukamtia nguvu. Chuma hakijui kama mwenye gari ana imani nacho. Tena fedha za sandukuni zilikuwa zako, na kama zingepotea, ungelia wewe.

Nieleze kilichokuwa hatarini, maana watu huzungumza kuhusu breki kana kwamba ni bahati nasibu. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu takriban mita 1,130. Gari lililojaa watu na mizigo linaposhuka kimo hicho, nguvu yote ya mteremko lazima iishie mahali fulani, na dereva asipotumia gia ndogo kulizuia gari, karibu yote huishia kwenye breki ikiwa joto. Mafuta ya breki hufyonza unyevu polepole, na yakishakaa muda mrefu huchemka kwa joto dogo kuliko yale mapya. Yakichemka hutoa mvuke, nao mvuke hubonyea, kwa hiyo unakanyaga na kanyagio linazama lote bila gari kushikwa. Ndiyo maana breki zinaweza kushika vizuri mjini Nakuru kwa miezi, kisha zikakukana mteremkoni siku moja.

Hata hivyo, kanyagio linalozama uani halijathibitisha lolote. Huenda ni hewa ndani ya mirija, huenda ni mafuta yanayovuja, huenda ni pedi zilizokwisha, na huenda ni marekebisho madogo ya dakika kumi. Mwenzangu yule hakusema kwamba gari ni bovu, kwa sababu hakujua. Alikuwa na swali tu, na njia ya kulijibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika kazi yetu huo si msemo, ndivyo tunavyoshinda siku nzima.

Kitu kinachoniumiza zaidi ni ile methali ya ajali haina kinga. Naisikia kila wiki, na kila mara inasemwa na mtu ambaye nimemwonyesha kinga kwa kidole. Gari la abiria hukaguliwa kila mwaka kwa sheria, na mkaguzi hamwulizi mwenye gari anaamini nini.

Abu Salma, Nakuru

Katika dini yangu kuna neno tawakali, yaani kumwachia Mungu jambo. Imepokewa kwamba Mtume aliulizwa na mtu kama amfunge ngamia wake, au amwache huru na kutawakali. Akamjibu: mfunge, kisha utawakali. Na ndugu Wakristo wanajua jibu la Yesu juu ya kinara cha hekalu, kwamba usimjaribu Bwana Mungu wako. Kwa hiyo nisingependa mjadala huu uonekane kuwa ni wa imani dhidi ya ukaguzi.

Binti wa Ugenya

Nakubaliana na Abu Salma, na kwa upande wangu sitaki mtu aje kusema kwamba kuchunguza imani ni desturi ya kigeni tuliyoletewa na kina Clifford. Henry Odera Oruka, aliyezaliwa kwetu Ugenya na kufundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995, alitumia miaka mingi kuwahoji wazee wenye hekima vijijini, akiwemo baba yake mzazi. Alitofautisha aina mbili za wazee hao. Yupo anayeijua mila yote na kuisimulia vizuri, lakini ukimwuliza kwa nini iwe hivyo, anakujibu kwamba ndivyo tulivyoikuta. Na yupo anayeijua mila ile ile, lakini ameipima, anaweza kukuambia wapi anaikubali na wapi anaikataa, na kwa sababu gani. Wengi wa aina hii ya pili hawakuwa wamekaa sana darasani. Kwa hiyo tabia ya kuuliza ni yetu pia, na mzee anayeulizwa kwa adabu havunjiwi heshima.

Hilo linanirudisha kwako, Mkazi wa Njoro, na uniwie radhi kwa kusema wazi. Umetueleza kwa makini baba yako mdogo alisadiki nini, na binamu yako anafikiri nini. Hujatueleza wewe ulisadiki nini. Ulikuwa umesimama pale uani. Ulimsikia fundi. Abiria wengine hawakumsikia.

Mkazi wa Njoro

Dada, umeligusa lile ambalo nimekuwa nikilizunguka. Sikusadiki kwamba breki ni nzima. Usiku ule nililala vibaya, na asubuhi nilichagua kiti cha nyuma, karibu na mlango, jambo ambalo sijamwambia mtu hadi leo. Nilinyamaza kwa sababu yeye ni baba kwangu, kwa sababu mwili wa shangazi ulikuwa umeshatangulia, na kwa sababu nauli ya kawaida wiki ile ingenilemea. Kwa kipimo cha Mwalimu, baba mdogo alishika amana bila kuiangalia, lakini angalau alikuwa ameisadiki kauli yake mwenyewe. Mimi nilikuwa na shaka niliyoifanyia kazi kwa faida yangu peke yangu, na nikawaacha watu wazima na watoto wapande bila kujua. Nilikuja hapa kuuliza kosa la mtu mwingine liko wapi.

Jana jioni nilikwenda kwake. Nilianza kwa heshima, nikamkumbusha maneno ya fundi, nikamweleza habari za mteremko wa Kericho kama zilivyoelezwa hapa. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza swali moja: kama nilikuwa na wasiwasi huo tangu jioni ile, niliwezaje kumtazama mkewe na mtoto wakipanda mbele na nisiseme neno? Sikuwa na jibu, nami nikamwambia hivyo. Tulikaa kimya kwa muda mrefu, hadi mama mdogo alipoleta chai.

Anatarajiwa kubeba watu wa kanisa kwenda Kisumu Jumamosi. Gari litafunguliwa kesho saa mbili asubuhi, na ameniomba niwepo.